Kutoka Gaochang hadi Tring: Nikimfuata Mbwa wa Peking

Jumamosi, Turpan

Wengi wakisimulia habari za mbwa wa Peking huanzia Beijing, ndani ya kasri la wafalme. Mimi nimeanzia huku jangwani, kaskazini-magharibi mwa China, kwenye magofu ya Gaochang, kwa sababu maandishi ya Kichina yanayomweleza mbwa mdogo wa ikulu kwa vipimo yanapitia hapa. Mji umebaki kuta za udongo zilizoliwa na upepo, na nyuma yake milima myekundu isiyo na hata jani moja. Jua la asubuhi tu linatosha kukurudisha kivulini.

Mwaka 624 mfalme wa mji huu, Qu Wentai, alimpelekea mfalme wa kwanza wa nasaba ya Tang mbwa wawili, dume na jike. Historia rasmi ya Tang inasema walikuwa na kimo cha inchi sita za Kichina, yaani kama sentimita 18, na urefu wa futi moja na ushei. Walikuwa werevu mno: waliweza kumwongoza farasi kwa kuvuta hatamu, na kushika mshumaa mdomoni. Asili yao ilitajwa kuwa Fulin, yaani Bizanti, na kitabu kinaongeza kwamba tangu hapo China ikawa na mbwa wa Fulin.

Mimi ni daktari wa mifugo, na sentensi ya mshumaa haijaniacha tangu niisome. Mbwa wa Peking wa leo, yule anayeshinda vikombe kwenye maonyesho, ukimpa mshumaa autie mdomoni moto utakuwa machoni mwake. Pua yake imezama usawa wa macho. Aliyebeba mshumaa mbele ya mfalme alikuwa na pua ya kutosha. Sidai kwamba wale wawili ndio babu na bibi wa mbwa wa leo. Karne kumi na nne ni nyingi, na damu nyingine zimeingia. Lakini nimekuja kutazama kila mahali alipopita mbwa huyu nikiwa na swali moja: uso wake ulikuwaje?

Alasiri tumekwenda makaburi ya Astana, jirani tu na magofu. Humo ndimo ulimotoka mchoro wa hariri wa enzi ya Tang unaohifadhiwa sasa katika makumbusho ya Xinjiang, Ürümqi. Watoto wawili wanacheza kwenye majani, wamevaa suruali za mistari, na mmoja amekumbatia mbwa mdogo wa manyoya ya kujiviringa, mwenye mabaka meusi na meupe. Nimeukuza kwenye simu nikiwa nimesimama juu ya ardhi ulikofukuliwa. Mbwa ana pua. Fupi, lakini ni pua.

Dereva wetu, mzee wa Kiuyghuri, aliuliza kwa ishara kama huyo ni paka. Nikamwonyesha mkia. Akacheka sana, akanikatia tikiti.

Jumapili, njiani

Treni kutwa nzima. Dirishani jangwa, kisha ukanda wa Hexi na milima yenye theluji upande wa kulia. Njia hii hii ndiyo ya misafara ya ngamia, na yaelekea ndiko walikopitishwa mbwa wa Qu Wentai. Mfalme huyo mwenyewe hakumaliza vizuri: mwaka 640 jeshi la Tang lilikuja kuiteka nchi yake, naye akafariki likiwa njiani.

Nimeutumia muda kusoma upya utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la Science. Wanasayansi walipima mbwa 414 wa aina 85. Kundi lililotokea kuwa la kale zaidi, lililo karibu zaidi na mbwa mwitu, lilikuwa na wakubwa wa sura ya mbwa mwitu kama wale wa Siberia, na humo humo wakakaa vijibwa vya mapajani: mbwa wa Peking, Shih Tzu, Lhasa Apso. Kwa hiyo zawadi za magharibi zilikutana na mbwa wa Asia wenyewe, wa uzao wa zamani sana, na huyu tunayemfuata ni wa uzao huo.

Jumatatu, Xi'an

Mwenyeji wangu hapa ni kijana wa Kitanzania anayesomea uhandisi. Alinipokea stesheni kwa "Shikamoo, daktari," na kabla sijamaliza "marahaba" begi lilikuwa begani mwake. Akanipeleka Huaqing, chini ya mlima Li, kwenye mabwawa ya maji moto alikokuwa akioga Yang Guifei, mke mpendwa wa mfalme Xuanzong.

Kuna kisa kimoja cha mama huyu kilichoandikwa katika karne ya 9 na Duan Chengshi. Siku moja ya kiangazi mfalme alikuwa akicheza weiqi, mchezo wa kete na ubao, na mwanamfalme mmoja, huku mwanamuziki akipiga zeze. Yang Guifei amesimama kando anatazama. Akaona mfalme anaelekea kufungwa. Akamwachia mbwa wake mdogo, aliyeletwa kutoka Samarkand, karibu na kiti. Mbwa akarukia ubao, kete nyeusi na nyeupe zikatawanyika, mchezo ukaishia hapo. Mfalme alifurahi mno.

"Kumbe hata huku watu wanavuruga bao wakiona wanafungwa," kijana akasema.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kazi halisi ya mbwa huyu. Hakulinda mlango, hakuwinda. Kazi yake ilikuwa kuwa karibu na mwenye nguvu kiasi cha kuweza kuharibu mchezo wake bila kukatwa kichwa. Watu wengi ndani ya jumba lile wasingethubutu hata kukohoa karibu na ubao.

Uasi wa jemadari An Lushan ulianza mwaka 755, na mwaka uliofuata, wakiwa safarini kukimbia, askari walimlazimisha mfalme aamuru Yang Guifei auawe. Habari za mbwa zinakatikia kwenye ubao wa mchezo.

Jumanne, njiani tena

Kati ya Luoyang na Zhengzhou treni imepita Gongyi kwa kasi. Nilikuwa nimesimama mlangoni makusudi. Mahali hapa ndipo walipozikwa wafalme wa Song ya Kaskazini, na mmoja wao, Taizong, aliyefariki mwaka 997, alikuwa na mbwa aitwaye Taohua, Ua la Mpichi.

Taohua aliletwa kama kodi kutoka Sichuan, mdogo mno na mwerevu. Kila mfalme alipoingia barazani, yeye alitangulia akitikisa mkia na kubweka, na maofisa wakanyamaza. Mfalme alipougua, mbwa akaacha kula. Alipokufa, mbwa akalia na kukonda. Mfalme mpya alipoketi, watumishi walijaribu kumfanya Taohua atangulie kama zamani. Akazungukazunguka akilia, hakukubali. Alipoambiwa atapelekwa kulinda kaburi la bwana wake ndipo akatikisa mkia na kula. Wakamtengenezea tundu la chuma lenye godoro la kitambaa cheupe cha msiba, likabebwa kwenye msafara wa mazishi, na waliolitazama likipita walilia. Alifia kule makaburini, ikaamriwa azikwe.

Sijui daktari wa wanyama ambaye hajawahi kuona mbwa akigoma kula baada ya mwenye nyumba kufa. Wanahistoria wa Song waliona jambo la kweli wakaliandika. Ndiyo maana nawaamini na kwenye mengine.

Jumatano, Beijing

Gugong, kasri la wafalme, inataka uandikishe mapema na uingie na pasipoti mkononi. Niliingia na umati wa watalii, wote wakakimbilia kwenye viti vya enzi. Mimi nilibaki muda mrefu mbele ya lango la Taihe, penye simba wawili wa shaba wakubwa kuliko wote humo ndani.

Dume yuko upande wa mashariki, mguu wake wa kulia juu ya mpira. Jike ameweka mguu wa kushoto juu ya mtoto. Mtazame kwa makini yule dume. Manyoya ya kichwani ni vifundo vilivyopangwa safu kwa safu kama shanga. Uso mpana, pua imesukumwa ndani, macho yamejitokeza, kifua kimetanuka. Ana kengele shingoni! Mtu aliyekulia karibu na Mikumi au Tsavo atakuambia mara moja kwamba huyo si simba. Lakini mbwa wa Peking ndiye hasa.

Uchina haikuwa na simba wa porini. Simba alikuja na dini ya Kibuddha kutoka India, ndani ya michoro na hadithi. Wenshu, mtakatifu wa hekima, hupanda simba, na wafalme wa Qing, nasaba ya mwisho, walitukuzwa kama umbo lake duniani. Simba akawa mnyama wa ufalme ingawa wengi waliomchonga hawakuwahi kumwona. Kisha watu wa ikulu, kizazi baada ya kizazi, wakachagua mbwa wenye manyoya mengi shingoni, kifua kipana na miguu ya mbele iliyopinda, wakawa na simba wa kumbeba kwenye mkono wa joho.

Simba wa kweli waliwahi kufika, na baadhi yao walitoka kwetu. Jiwe la maandishi la mwaka 1431 lililosimamishwa Changle na amiri Zheng He linaorodhesha zawadi za safari zake: Mogadishu ilitoa punda milia na simba, na Barawa, mji ambao wenyeji wake hadi leo wanasema Chimwini, lahaja ya Kiswahili, ikatoa ngamia na mbuni. Kasri hili lilikamilika mwaka 1420, chini ya mfalme yuleyule wa Ming aliyezituma meli zile. Simba wa Mogadishu akapelekwa China, na hata hivyo mafundi wakaendelea kufinyanga simba wao wa kengele. Walikwisha kumzoea.

Mchana nikatembea hadi upande wa Donghua, kulikokuwa na idara ya Qing ya kutunza mbwa. Hakuna cha kuona. Ila makumbusho yanahifadhi nguo za mbwa za hariri zilizoshonwa humu ndani, zenye matundu ya masikio na mkia. Waliolisha, waliopandisha dume na jike na kukumbuka nani mtoto wa nani, walikuwa matowashi. Majina yao hayakuandikwa. Kazi yote ya ufugaji tunayoitia jina la wafalme ilikuwa mikononi mwa watumishi hawa, na mimi kama mtu wa fani hii nimevua kofia.

Mwaka 1903 mchoraji wa Kimarekani, Katharine Carl, aliingia ikulu kuchora picha ya mama mtawala Cixi, akapata nafasi ya kuwaona mbwa wake. Aliandika kwamba walikuwa na banda lao lenye sakafu ya marumaru na mito ya hariri, na matowashi wa kuwahudumia. Na aliandika jambo ambalo ningependa kila mfugaji alisome: Cixi hakuwapenda mbwa wa kuwekwa kwenye mkono wa nguo, waliodumazwa ili wasikue, na alichukia kugeuza maumbile kupita kiasi. Mwanamke huyu ana mengi ya kulaumiwa. Kwa mbwa alikuwa na jicho.

Alhamisi, Beijing

Leo ni vichochoroni, karibu na hekalu la Yonghegong. Jioni wazee hutoka na viti vyao, na mbwa wao hutoka nao. Wengi ni jingba, mbwa wa Peking wa mtaani, asiye na cheti. Sheria ya Beijing ya mwaka 2003 inakataza mbwa wa kimo cha zaidi ya sentimita 35 katika maeneo ya katikati ya jiji, kwa hiyo mbwa huyu mfupi amepata pa kuishi. Kabla ya hapo kulikuwa na miongo ambayo kufuga mbwa mjini hakukuruhusiwa kabisa.

Bibi mmoja aliyekuwa akimenya maharage alinikubalia nimshike wa kwake. Mweupe, amechakaa kidogo, jino moja la chini limetokeza. Nikaweka sikio ubavuni. Alikuwa ametoka kupanda ngazi, na pumzi ilikuwa inaingia na kutoka bila mkoromo. Matundu ya pua yamefunguka, na mbele ya macho kuna pua ya upana wa kidole changu cha shahada. Miguu ya mbele imepinda kama desturi: huo ni ufupi unaotokana na nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4, iliyogunduliwa mwaka 2009 kwa mbwa wa miguu mifupi, huyu akiwemo. Miguu hiyo ina gharama kwenye pingili za mgongo. Lakini pumzi yake! Nilimsikiliza muda mrefu hadi bibi akaanza kuwa na wasiwasi, ikabidi nimwonyeshe kidole gumba kwamba yuko salama.

Ijumaa, Yuanmingyuan

Treni ya chini ya ardhi, laini namba 4, inakushusha hapo hapo. Watu huja kupiga picha kwenye mawe meupe ya majumba ya mtindo wa Ulaya, yaliyosanifiwa na mapadre Wajesuiti kwa amri ya mfalme Qianlong. Hayo ni sehemu ndogo tu. Kasri lenyewe lilikuwa la mbao, likaungua likaisha.

Septemba 1860, wakati wa Vita vya Pili vya Afyuni, mfalme Xianfeng alikimbilia Rehe. Tarehe 6 na 7 Oktoba majeshi ya Ufaransa na Uingereza yaliingia hapa yakaanza kupora. Tarehe 18 Lord Elgin, mjumbe wa Uingereza, akaamuru pachomwe, kulipiza kisasi cha wafungwa wao waliokufa mikononi mwa Wachina. Moto uliendelea kwa siku kadhaa. Nimekaa kwenye jiwe nikitazama bwawa la chemchemi ya wanyama kumi na wawili wa nyota za Kichina. Vichwa vyao vya shaba viliondolewa. Saba vimepatikana baada ya miaka mingi, na cha farasi kimerudishwa papa hapa. Cha mbwa bado.

Mbwa hai walipata safari nyingine. Maofisa wa Kiingereza waliondoka na watano. Wawili walikwenda na Lord John Hay, wawili wakafika kwa familia ya Duke wa Richmond huko Goodwood, ambako waliendelezwa kwa uzao. Wa tano alichukuliwa na Kapteni John Hart Dunne, akampelekea Malkia Victoria. Wakampa jina Looty, kwa neno la Kiingereza la mali ya kupora. Mtu anaandika wizi kwenye jina la mnyama na hakuna anayeshtuka. Kila nikilisoma jina hilo napata hasira, na kukaa kwenye mawe yaliyopasuliwa na ule moto hakukuipunguza.

Mwaka 1861 Friedrich Wilhelm Keyl alimchora Looty, na mwaka 1865 akapigwa picha. Alikufa 1872. Mchoro uko katika hazina ya kifalme ya Uingereza, nami ninao kwenye simu: mbwa mwembamba kuliko wa sasa, manyoya si mengi, na pua yake inaonekana waziwazi. Huyu ndiye mbwa kama alivyotoka mikononi mwa matowashi. Hakuna shahidi bora zaidi.

Baadaye mbwa walianza kutoka kwa hiari ya wenyewe. Cixi aliwagawa kama heshima. Mwaka 1905 Alice, binti wa Rais Theodore Roosevelt, alipewa mweusi mmoja. Cixi akafa Novemba 1908, na baada ya miaka mitatu na ushei utawala wa wafalme ukakoma. Mwaka huo huo wa 1912, mbwa wa Peking mmoja aliokoka kwenye Titanic ndani ya boti pamoja na bwana wake, Henry Harper. Aliitwa Sun Yat-sen.

Jumapili, Tring

Kutoka Euston, London, treni haichukui hata saa moja. Binamu yangu anayeishi London amekuja nami, analalamika njia nzima kwamba watu wakija Uingereza huenda kuona saa na daraja, sisi tunakwenda kuona mbwa waliokaushwa. Makumbusho ya Tring yalianzishwa na Walter Rothschild na sasa ni tawi la makumbusho ya historia asilia. Ghorofa ya juu kuna kabati refu la mbwa wa kila aina.

Humo yumo Ah Cum. Aliletwa Uingereza mwaka 1896 akiwa na jike aitwaye Mimosa, na wafugaji wa Ulaya wanamhesabu kuwa mmoja wa baba wa uzao wote wa huku. Nimeinama hadi paji la uso likagusa kioo. Amesimama juu ya miguu, namaanisha miguu inayoonekana, haikufunikwa na sketi ya manyoya. Mwili mwepesi. Pua imetokeza mbele.

"Mbona hafanani na yule wa picha za mashindano?" binamu akauliza.

Hilo ndilo jambo nililolifuata kutoka Gaochang. Uso uliozama, mkunjo mnene wa ngozi juu ya pua, macho yanayoweza kutoka kwenye tundu lake kwa kukabwa tu shingoni: hayo yamezidishwa baada ya mbwa huyu kuondoka China, na vilabu na majaji, ndani ya karne moja. Mwaka 2003 bingwa mkuu wa Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza, alikuwa mbwa wa Peking aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa kaakaa laini ili apate kupumua. Baada ya kelele za umma, mwaka 2008 klabu ya mbwa ya Uingereza ikaandika upya vigezo vya aina hii na kudai pua ionekane. Kelele zilikuwa za haki. Wafugaji waliolalamika kwamba asili ya kale inaharibiwa wangepanda treni ya Euston. Asili ya kale iko kwenye kabati hili, pua mbele.

Nimempiga Ah Cum picha za ubavu, kutoka pande zote mbili, na binamu akashikilia koti lake nyuma yangu kuzuia mwanga usirudi kwenye kioo. Mlinzi wa ukumbi akaja kuuliza kama tunahitaji msaada. Tukamwomba atuambie saa ya kufunga. Akasema bado tuna muda. Nikarudi tena kwenye kioo, safari hii na karatasi, kumchora kichwa kwa penseli.

Wateja wangu wengi wenye mbwa hawa hununua kwa picha za mtandaoni, na muuzaji huwaambia uso ukiwa bapa zaidi ndivyo damu ilivyo safi zaidi. Sasa nina cha kuwaonyesha kabla hawajatoa pesa: watoto wa Astana na mbwa wao, Looty wa Keyl, jingba wa bibi yule, na Ah Cum kwa ubavu. Picha zote nne zitachapishwa kwa ukubwa mmoja na kubandikwa kwenye mlango wa chumba cha kupokelea wagonjwa, usawa wa macho ya mtu aliyekaa.